Bwana Mifugo Avua Utani

Bignona, 20 Februari 1988

Dada Siga,

Anayekuandikia ni mzima, ameshiba, na lalamiko lake ni joto tu. Natumaini barua itakukuta hivyo hivyo, wewe na shemeji Robert na wanao, waliobaki nyumbani na waliohama na masufuria yako. Mama anaendeleaje? Dereva wa lori la samaki aliniambia anakohoa. Mwambie apunguze kukaa kwenye moshi. Mwambie pia yule fahali wa pembe moja aliyekuwa akinikimbiza hapa nimemchanja, na mbavu zangu zote zipo.

Sasa jambo lenyewe. Padri wetu alituletea mgeni kutoka Dakar, Bwana Gratien, akatufundisha jinsi ya kuzungumza habari za imani yako na rafiki wa imani nyingine. Dada, yule mtu ni msomi. Ana ubao wake mwenyewe, anasafiri nao. Anasema kwanza unatabasamu. Halafu unauliza swali, unasikiliza jibu kama vile hukulijua. Halafu unatafuta kitu mnachokubaliana, hata kama ni hali ya hewa tu. Mlango ukishafunguka unaingia, ila taratibu, kama mgeni anayevua viatu. Siku ya mwisho kila mmoja wetu alitaja jina la rafiki atakayemleta. Mimi nilimtaja Ansumana Badji, yule mwoka mikate jirani yangu, ambaye barua zako zinapitia kwake.

Usicheke. Ni kweli sina rafiki mwingine hapa, lakini hata ningekuwa nao kibao ningemtaja yeye. Nilipohamishiwa huku sina hata mkeka, ndiye aliyenitolea kitanda, akasema, kwa ule utani wa makabila yetu, yeye ni Mjola na haiwezekani mtumwa wake Mserer alale chini akaamka mgonjwa, kazi itafanywa na nani? Tangu hapo kila asubuhi ananiletea mkate na tusi, vyote vya moto. Namwonea uchungu. Mtu mwema namna ile akipotea, nitajibu nini mimi niliyekula mkate wake nikanyamaza?

Niombee. Naanza wiki ijayo.

Mdogo wako,
Lazare Ngor

*

Joal, 14 Machi 1988

Ngor,

Sisi tupo, na wewe tunakuona kwa macho ya barua, umenyoosha shingo kama jogoo aliyegundua asubuhi. Robert amenuna tangu timu yake ifungwe, kwa hiyo nyumba imetulia. Mama anakohoa kidogo, kama wazee wote wa huku. Usiulizeulize, hapendi.

Nimesoma habari za Bwana Gratien na ubao wake. Nina swali moja. Aliposema utabasamu, alijua kwamba rafiki yako ni Mjola? Mserer akimtabasamia Mjola, Mjola anakwenda kuangalia kama sufuria yake ya wali bado ipo jikoni. Watani hawatabasamiani, mdogo wangu. Wanatukanana, wanakula, wanaagana.

Mimi sikukatazi. Dini ni yako na mdomo ni wako. Lakini tumezaliwa hapa Joal, tumekua na akina fulani wanaokwenda msikitini na akina fulani wanaokwenda kanisani, na wafu wetu wamelala pamoja na wafu wao kwenye eneo moja, wala sijasikia wakigombana. Nani alihubiriwa? Na je, wewe umemwuliza Ansumana yeye anaamini nini? Nauliza kwa sababu umeniandikia maswali yote utakayomwuliza na hilo halimo.

Ijumaa Kuu inakaribia. Usisahau kuwapelekea majirani uji wetu wa ngalakh. Karanga uzisage mwenyewe, usinunue za kusagwa, zina mchanga. Ubuyu uloweke tangu jana yake, na mtama uwe laini. Ngalakh mbovu imeharibu ujirani kuliko hizo dini zenu.

Dada yako,
Siga

*

Bignona, 9 Aprili 1988

Dada mpendwa,

Pasaka njema kwako na kwa wote, hata kwa timu ya Robert. Mama alifika misa ya mkesha? Hukusema. Mimi niliimba mpaka sauti ikakauka.

Dada, kazi inakwenda kuliko nilivyoomba. Nilianza na Ansumana peke yake, pale kwenye tanuri lake, akisubiri mikate iive. Nilitabasamu. Akaniuliza kama jino linauma. Nikamwuliza lile swali la Bwana Gratien, kwamba ukifa leo utakwenda wapi. Akafikiri sana, halafu akasema atakuja kwangu, maana nyumba itakuwa imebaki bila mtu mwenye akili. Basi nikajua mlango umefunguka.

Kesho yake nilikuta watu wamekaa wanasubiri. Ansumana mwenyewe ndiye aliyewaita. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia, njooni, mtumwa wangu ana habari za motoni, anazijua zote, nadhani ana shamba huko. Nani kama yeye? Hajabatizwa lakini tayari anakusanya kondoo! Sasa watu wanakuja na viti vyao kila jioni, wazee, akina mama, hata mwalimu wa madrasa, anakaa mbele kabisa ili asikose neno. Nimelazimika kusimama juu ya gunia la unga ili wa nyuma wanione. Wakifurahi wanapiga makofi.

Wiki hii nilifika mbali zaidi. Nilimwambia Ansumana waziwazi, mbele ya wote, kwamba marehemu baba yake, pamoja na swala zake na safari yake ya Maka, hakuijua njia. Ansumana alicheka mpaka akaegemea mlango wa tanuri na kuungua kiganja. Akasema ni kweli kabisa, mzee alikuwa akipotea hata akitoka chooni. Unaona anavyopokea ukweli? Bila kinyongo.

Na ngalakh nilipeleka. Chini ya kila bakuli nikaweka karatasi yenye mstari mmoja wa Injili, nimeuandika kwa mkono wangu. Shangazi yake, Mama Nyima, ambaye goti lilikuwa limemweka kitandani tangu mavuno, aliiona ile karatasi akajua ni kombe la dawa. Akaiosha vizuri kwenye maji safi, wino wote ukatoka, akanywa. Dada, juzi nimemwona sokoni anatembea. Anataka nyingine, ya macho. Sikujua niandike nini kwenye taarifa ya Bwana Gratien. Nimeandika: mmoja amelipokea Neno.

Mdogo wako mwenye furaha,
Lazare Ngor

*

Joal, 2 Mei 1988

Ngor mdogo wangu,

Huku mvua bado, samaki wapo, Robert ameanza tena kuongea. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa uani. Mama alicheka goti la Mama Nyima mpaka kikohozi kikamshika, tukamlaza. Ameamka vizuri.

Sasa kaa chini. Najua umekaa, lakini kaa zaidi. Wale watu hawahubiriwi. Wanatazama sinema. Wewe ndiye sinema ya Bignona. Mjola amekaa jioni, kazi imekwisha, akaambiwa kuna Mserer amepanda juu ya gunia anamtukana Badji na ukoo wake wote, bure, kila siku. Nani asiyekwenda? Hata mimi ningebeba kiti. Ulichomwambia kuhusu baba yake, angekisema Mserer mwingine yeyote njiani, angecheka vilevile, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mtani hana neno baya. Unaweza kumwambia mtani wako kwamba mbingu zimeanguka, atakuuliza kama zimekuangukia wewe.

Nasema hivi ili usije ukaambiwa na mwingine kwa ubaya. Na nasema pia kwa sababu naona umeanza kuwaonea huruma watu wa Bignona kwa sauti ya mtu aliyekaa juu. Mama yetu, ambaye hajakosa misa tangu usichana wake, kila tunapopanda mtama anawamwagia maziwa mizimu wa shamba, halafu anafuta mikono anasema rozari. Yeye mbona hukumtaja kwa Bwana Gratien? Au unamwogopa?

Wapo kwenye mfungo sasa. Mtu mwenye njaa usimhubirie. Kwaresima yetu imeshapita, teremka kwenye gunia, waache waoke mikate.

Dada yako anayekupenda hivyo hivyo,
Siga

*

Bignona, 19 Juni 1988

Dada,

Mimi mzima. Mvua imeanza. Ng'ombe wengi wana kupe, nashinda malishoni. Salamu kwa wote. Mama asinyeshewe.

Kuanzia sasa niandikie kupitia ofisi ya mifugo, Bignona. Usiandike tena kupitia kwa mwoka mikate. Ni suala la utaratibu tu. Mkate nanunua kwa muuzaji wa stendi, si mbaya, ukiuchovya.

Lazare

*

Joal, 4 Julai 1988

Ngor,

Mistari michache kama ile sijawahi kuipata kutoka kwako tangu ulipofeli mtihani wa darasa la sita. Wakati ule pia uliandika kwamba ng'ombe wana kupe.

Huku mtama umeota. Mama yupo. Misa ya asubuhi ameiacha kidogo, anasema kanisa limesogea mbali. Anakuulizia kila siku, na mimi namjibu kwamba una kazi.

Bahasha nimeiandika kama kawaida, Ansumana Badji, mwoka mikate. Mkono umezoea, na mimi ni mtu mzima, sijifunzi anwani mpya kwa ajili ya suala la utaratibu. Kama barua hii imekufikia, basi yeye ndiye aliyekuletea. Alisema nini alipokupa?

Niambie ulichofanya. Sikuulizi walichokufanyia wao.

Siga

*

Bignona, 31 Julai 1988

Dada Siga,

Hakunitukana hata kidogo. Aligonga mlango, mlango ambao hajawahi kuugonga, akanipa bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Barua yako, Bwana Diene." Akainamisha kichwa akaondoka. Mimi kwake nilikuwa mbwa, mtumwa, mla mtama, tumbo la punda. Dada, ameniita Bwana, kwa jina la ukoo wetu.

Nitakuambia yote kwa sababu sina wa kumwambia.

Barua yako ya Mei ilinichoma. Nilikasirika, nikajiambia, kumbe wananifanya kikaragosi, sasa watanijua. Nikangoja mfungo uishe. Baada ya Idi nilikwenda kwenye tanuri, watu wakaja na viti vyao wakifurahi kwamba burudani imerudi. Ansumana akawaambia wanyamaze, mtumwa wake amekuja na moto mpya. Nikasimama chini, si juu ya gunia. Nikasema kuanzia leo mimi si mtani wa mtu yeyote hapa. Nauvua utani. Ninayosema nayasema kwa dhati, na anayetaka kucheka akacheke kwake.

Walicheka. Halafu wakaona mimi sicheki.

Ansumana akauliza, "Kwa dhati?"

Nikasema, "Kwa dhati."

"Haya ya leo tu, au na yale ya zamani?"

Hapo, Dada, ningeweza kusema ya leo tu. Mungu alinipa nafasi nzima, nikaikanyaga. Nilitaka waone kwamba sikuwahi kuwa mchekeshaji. Nikasema, "Yote."

Akafuta mikono kwenye aproni yake, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Basi ulimsema baba yangu." Hakupandisha sauti. Watu wakabeba viti vyao wakaondoka bila kuambiwa, mwalimu wa madrasa wa mwisho. Mikate iliungua siku ile, harufu yake ilifika mpaka kwangu.

Tangu hapo naheshimiwa. Huwezi kujua ubaya wake. Nikipita, wanaokaa wanasimama. Akina mama waliokuwa wakinirushia maganda ya karanga wakiuliza kama nimeshanyonya, sasa wananisalimia kwa sauti za msibani. Wafugaji wananiletea ng'ombe, wananishukuru, wanakwenda. Sikukuu ya kuchinja, miaka yote Ansumana alikuwa akinitumia kwato na mkia, akisema ndilo fungu la mtumwa, halafu usiku ananiita tunakula nyama yenyewe wote. Mwaka huu nimeletewa paja zima, limefungwa kwenye kitambaa safi, na salamu za sikukuu. Paja zima, kama mkuu wa wilaya. Nimelila peke yangu siku tatu na halikuwa na ladha.

Mama Nyima alikuja mwenyewe. Goti limerudi. Alitaka kujua kama na yale maji aliyokunywa nayo yalikuwa kwa dhati. Alikuja kwa mkongojo na akaondoka kwa mkongojo.

Nimemwandikia Bwana Gratien. Amenijibu haraka. Anasema nisihuzunike, kukataliwa ni hatua ya nne, na wengi hawafiki hata ya tatu. Amenipongeza.

Nikamwombe radhi? Nimefika mlangoni kwake mara nyingi, nikageuka nikarudi. Nifanye nini?

Mama anaendeleaje hasa? Naona unaniandikia kwa kuzungukazunguka.

Mdogo wako,
Ngor

*

Joal, 13 Agosti 1988

Ngor wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu. Kwanza nilitaka kukupiga, halafu nikataka uwe karibu nikupikie.

Usiende kuomba radhi. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo utakapoharibu mara ya pili. Radhi inaombwa kwa mtu uliyemkosea. Ukisimama mbele yake ukasema nisamehe kwa niliyosema juu ya baba yako, umethibitisha kwamba uliyasema. Na ukisema ulikuwa unatania, utakuwa umedanganya mbele ya watu waliokusikia. Umejifungia ndani na ufunguo umeutupa nje, mdogo wangu. Aliye nje ni yeye. Akitaka atakufungulia, asipotaka utaendelea kuitwa Bwana mpaka ustaafu.

Sijui la kukusaidia zaidi ya kukuambia ukae pale pale. Usiombe uhamisho. Mkate ununue kwake, ukipewa kwa heshima upokee kwa heshima, ni adhabu yako. Huyo Gratien ukimwandikia tena nitachoma ubao wake.

Kuhusu imani nitasema mara moja. Wewe ulimpenda rafiki yako, ukaogopa kumkosa hata akifa. Hilo ni jema na sikucheki. Lakini ulimwendea na maneno ya ubao. Ungemwambia tu kwamba unaogopa, angekuelewa. Nani asiyeogopa?

Mama anakusalimia. Anasema barabara ni mbovu wakati wa mvua, usije. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika kama alivyosema.

Siga

*

Joal, 11 Septemba 1988

Ngor,

Leo sianzi na salamu. Mama ametangulia. Tumemzika Jumatano kando ya Baba.

Lilikuwa pafu. Tangu Machi tulijua. Alinikataza kukuandikia, akaniapisha kwa rozari na kwa maziwa pia, ili nisipate pa kutorokea. Alisema ukijua utaacha kazi uje kumkalia kitandani umwulize maswali. Nikasirikie mimi, yeye mwache.

Simu ya maandishi niliituma usiku ule ule aliofariki. Niliituma kwa Ansumana Badji, mwoka mikate. Sikufikiri, au labda nilifikiri. Wewe ulikuwa umekwenda kuchanja ng'ombe ng'ambo ya mto, maji yamejaa, hakuna anayevuka. Hayo ameniambia yeye. Alituma watu wawili kukutafuta, kisha akalizima tanuri lake, akapanda lori la kwanza lililokubali kuondoka. Nimesikia Bignona haikula mkate siku hizo.

Sasa nikuambie ilivyokuwa, maana hukuwepo na ni haki yako.

Tumetoka misani, wanaume wamebeba jeneza, tunafika getini kwa mara ya mwisho ili Mama aage nyumba yake. Mtu mmoja, matope mpaka magotini, akajilaza chini kukatiza mlango. Hakuna aliyemjua. Akasema, "Jeneza hili haliendi popote. Mwanamke huyu ni mtumwa wetu Wajola, na hajaaga."

Wazee wakaelewa mara moja, wakateremsha jeneza. Akanyanyuka, akanyakua kilemba cha Mama kilichokuwa kwenye kamba ya nguo, akajifunga. Akapindua kinu, akapanda juu. Akatabasamu, Ngor. Alitutabasamia wote, mmoja mmoja, kwa meno, kama mtu anayeuza dawa. Akasema kwanza tutafute tunachokubaliana, je, leo kuna joto au hakuna? Watu wakasema lipo. Akasema mlango umefunguka. Akashuka, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye jeneza akauliza, "Mama, ukifa leo utakwenda wapi?" Akaweka sikio. Akasikiliza sana. Halafu akatugeukia akatuambia, "Anasema popote, mradi Lazare asiwe anahubiri huko."

Padri aliingiza uso kwenye kitabu chake. Robert alikaa chini kabisa. Mimi, ambaye tangu Machi sikuwa nimecheka isipokuwa kwa kujilazimisha, nilicheka mpaka wanawake wakanishika, na katikati ya kucheka machozi yote niliyoyaficha yakatoka, nikalia kwa sauti, na ilikuwa vizuri. Nilimhitaji mtu wa kunifungulia.

Akaturuhusu tupite. Kaburini alichukua jembe, akafukia na wengine, hakuachia mpaka mwisho. Baadaye nilimkuta nyuma ya jiko amekaa juu ya kuni, bado amejifunga kile kilemba, analia. Nikakaa naye. Nikamwuliza kama nikuandikie kwamba amekusamehe. Akasema hajui habari za msamaha, ila kuna jambo limemshangaza siku zote hizi na wewe umweleze. Akasema, "Tangu lini mtumwa akajiacha huru mwenyewe?"

Barua hii anaibeba yeye. Misa ya arobaini utakuja. Mtama wa Mama umezaa vizuri.

Dada yako,
Siga

*

Bignona, 25 Septemba 1988

Dada Siga,

Nilivuka mto maji yalipopungua, wale watu wawili wa Ansumana walioniletea habari wamenishika huku na huku. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tanuri nikiwa bado na matope. Ansumana alikuwa anakanda. Aliponiona akasema, "Huyu amechelewa hata kwenye msiba wa mama yake, nani atamnunua?" Kisha akanawa, akanipa barua yako, akageuka kunipa mgongo ili nisome.

Nimelia, Dada. Wewe sikukasirikii. Nimejaribu kidogo, imeshindikana.

Tulikaa mpaka mikate ikatoka. Hapakuwa na viti vingine. Kwa mara ya kwanza nilimwuliza yeye anaamini nini, nikasikiliza kwa sababu sikulijua jibu. Alinieleza polepole. Kuna alfajiri, akasema, anaposujudu anahisi kabisa kuna anayemsikia. Na kuna alfajiri nyingine anasikia tanuri tu likinguruma, lakini anasujudu hivyo hivyo, kwa sababu baba yake alisujudu mahali pale pale. Nikamwambia kanisani kwangu pia kuna siku za tanuri. Nikamwambia kwamba niliogopa. Nilitaka akifa tuwe upande mmoja, na sikujua namna nyingine ya kulisema. Alinitazama sana. Akasema mbona hilo halikuwepo kwenye gunia.

Hajabadilika, na mimi sijabadilika. Mama Nyima ameomba kombe la pili, nikamwambia ukweli kwamba karatasi ile ilikuwa ya Injili. Akajibu kwamba goti halijui kusoma.

Tutakuja wote kwenye arobaini, andaa wali mwingi, unamjua.

Kabla sijaondoka nilimwuliza kama na yeye alimwombea Mama pale kaburini, kwa dini yake. Akasema alisubiri padri amalize, ndipo akainua mikono. Nikamwuliza alisema nini. Nikaona machozi yanamlengalenga. Akasema, "Nilimwambia Mola, mwanamke huyu msamehe yote aliyoyatenda duniani, hata hili la kumzaa huyu."

Nikaitikia amina.

Mdogo wako,
Ngor